Upande wa Kuvuta

Ulimi wa ngozi uliokuwa chini kabisa ya bomba letu uliharibika mwaka ule ule sabuni ilipoadimika Babati. Nakumbuka hivyo kwa sababu siku niliyogundua nilikuwa nimetoka kupanga foleni ya sabuni kwenye duka la kaya, nikafika kazini nimechelewa na mikono mitupu. Nilifungua mlango wa nyumba ya pampu, nikazungusha hendeli ya injini ya dizeli, injini ikashika, pampu ikazunguka, na maji hayakuja.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilizaliwa huko juu Mbulu, nikasomea ufundi wa mitambo Moshi, nikaolewa na mwalimu wa shule ya msingi Bonga, na ndivyo nilivyofika Babati na kupewa funguo za ile nyumba kando ya ziwa. Majuma ya kwanza watu walikuwa wanakuja kuchungulia dirishani kama kweli ni mwanamke anayewasha mashine. Baadaye walizoea, wakaniita fundi, na kinamama waliokuwa wanapita na ndoo kabla mabomba hayajafunguliwa wakawa wananisalimia kama dada yao.

Pampu ilikaa juu ya sakafu ya zege. Upande mmoja bomba lilishuka hadi ndani ya ziwa, hilo ni la kuvuta. Upande wa pili bomba jingine lilipanda hadi kwenye tangi la kilimani, hilo ni la kusukuma. Mwisho wa bomba la kuvuta, chini ya maji, kulikuwa na chujio la kuzuia majani, na juu ya chujio kulikuwa na valvu tuliyoiita futivalvu. Ndani yake mlikuwa na huo ulimi wa ngozi wenye kibati cha shaba mgongoni. Pampu ikivuta, ulimi unainuka na maji yanapita. Pampu ikizimwa, ulimi unaanguka, unaziba, na maji yaliyomo kwenye bomba hayarudi ziwani. Kazi yake ni hiyo tu. Lakini pampu ya aina ile haijui kuvuta hewa. Ikikuta bomba tupu, inazunguka bure mpaka ijiunguze. Lazima kila ukiwasha ikute maji yanaisubiri.

Sasa ulimi ulikuwa umeoza, na bomba lilikuwa linabaki tupu kila nikizima.

Dawa ya siku hizo ilikuwa kuinywesha pampu kwa ndoo. Nilifungua kitundu cha juu, nikamimina maji, huku maji yale yale yakitoroka kwa chini. Ndoo ishirini, mara nyingine thelathini. Kinamama walijipanga mstari kutoka ziwani hadi mlangoni, ndoo ikapita mkono hadi mkono, na bomba lilipojaa hadi juu nilikimbilia hendeli kabla maji hayajashuka. Siku nyingine pampu ilishika. Siku nyingine ilishika, ikakohoa, ikaachia, tukaanza upya. Na dizeli tuliyopewa kwa kibali kila juma ilikuwa inaungua tu bila kupandisha maji.

Mhandisi wa maji, aliyekuwa bosi wangu, alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliandika barua mkoani, akaandika nyingine, kisha akaniambia niende Arusha mwenyewe na karatasi ya maombi, labda uso wa mtu ungefanya kile ambacho karatasi imeshindwa. Nilipanda lori la maharage. Mtunza stoo wa huko alikuwa kijana mwenye adabu. Alisoma karatasi yangu yote, kisha akachukua funguo na kunifungulia mlango.

"Ingia uangalie mwenyewe, dada," alisema. "Sitaki uondoke ukifikiri nimekunyima."

Rafu zilikuwa zimepangwa vizuri sana. Kila sehemu ilikuwa na kibao chenye jina la kifaa kilichoandikwa kwa wino mweusi, na juu ya kibao palikuwa na vumbi. Nilikisoma kibao cha futivalvu, nikagusa mbao mahali ambapo ingekaa.

"Zinakuja lini?"

"Zinangoja fedha za kigeni," alisema. "Na fedha za kigeni nazo zinangoja, sijui zinangoja nini."

Nilirudi Babati siku ya pili yake. Nilishuka garini bila mzigo.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi viatu aliyekuwa anashona makatambuga sokoni, viatu vya mpira wa matairi ambavyo nusu ya mji tulikuwa tunavaa. Nilimpelekea ulimi wa zamani, kile kipande kilichobaki, akaupima kwa macho na kunikatia mwingine kutoka kwenye tairi la lori. Alifanya kazi safi. Mzee mmoja mvuvi alitusaidia kwa mtumbwi wake, wanaume wanne wakavuta kamba, tukainua mwisho wa bomba kutoka kwenye matope huku mmoja akiangalia viboko, ambao walikuwa wanatutazama kutoka kwenye matete, macho na masikio tu juu ya maji. Nilifunga ulimi mpya kwa mikono yangu. Tuliporudisha bomba na kulijaza, maji yalisimama pale juu kwenye kitundu, yakatulia. Nilingoja nusu saa nzima nikiyatazama. Hayakushuka hata kidogo.

Kwa majuma mawili nilikuwa mtu mashuhuri. Mhandisi aliandika barua ya pongezi. Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama wa makamo mwenyeji wa Bukoba, alinitumia nusu mche wa sabuni uliofungwa kwenye gazeti, na mwaka ule hiyo ilikuwa zawadi ya harusi. Mume wangu alipita akiwaambia walimu wenzake kwamba mji mzima unakunywa maji kupitia katambuga, nao wakacheka.

Juma la tatu nikasikia kokoto.

Hiyo ndiyo sauti yenyewe, siwezi kuieleza vingine. Ilikuwa kama mtu ameingiza kiganja cha kokoto ndani ya pampu, na zinazunguka. Nilizima nikaangalia chujio, nikadhani tumevuta changarawe. Hakukuwa na jiwe hata moja. Nikawasha tena, nikaweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa pampu na mpini wake sikioni, nikasikia mvua ya mawe.

Nilijua ni nini. Huko Moshi mwalimu wetu alitufundisha kwamba maji yakivutwa haraka kuliko yanavyoweza kuja, yanachemka yakiwa baridi. Tulicheka darasani. Yeye hakucheka. Alisema vinazaliwa vipovu vidogo, vinakwenda na maji mpaka kwenye mapanga ya impela, lile gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, na pale vinapasuka, na kila kimoja kikipasuka kinang'oa chuma kiasi kidogo kuliko chembe ya unga. "Upande wa kusukuma unaweza kuubana, pampu itakuvumilia," alisema. "Upande wa kuvuta usiubane. Ukiubana, pampu inajila yenyewe."

Na mimi nilikuwa nimeubana. Mpira wa tairi ulikuwa mgumu na mzito. Uliziba vizuri kuliko ngozi, lakini haukuinuka kama ngozi. Ulijifungua kidogo tu, kama mlango wa mtu mwenye mashaka na mgeni, na pampu ikawa inavuta kwa nguvu zake zote kupitia upenyo ule. Tena ilikuwa miaka ya mvua chache, ziwa lilikuwa limerudi nyuma hatua nyingi, na maji yalikuwa yanavutwa kutoka chini zaidi kuliko pampu ilivyopangiwa.

Sikukaa tu. Nilirudi kwa fundi viatu, akanikatia ulimi wa mpira laini wa tyubu. Ulivutwa ukajikunja ndani ya bomba, na siku ya tatu ukaanza kuvujisha. Nikaenda buchani, nikaomba ngozi ya ng'ombe, nikaikausha na kuipaka mafuta. Ilivimba ndani ya maji kama mkate na haikumaliza juma la pili. Kila jaribio lilitaka mtumbwi, wanaume wanne, kamba, na mtu wa kuangalia viboko, na kila mara wale wanaume walikuja kwa uvivu zaidi. Mwishowe nikaurudisha ulimi wa tairi, kwa sababu angalau huo ulishika maji.

Kulikuwa na njia moja ya kuiponya pampu, na nilikuwa nayo mkononi. Kwenye bomba la kusukuma kulikuwa na valvu kubwa yenye usukani mwekundu. Nikiifunga mpaka karibu nusu, pampu inasukuma maji machache, inavuta machache, na yale machache yanatosha kupita kwenye upenyo wa ulimi. Nilijaribu. Nilizungusha usukani taratibu, na kokoto zikapungua, zikapungua, zikaisha. Pampu ikalia vizuri kama siku ya kwanza. Nilikaa sakafuni nikaegemeza mgongo ukutani, nikasikiliza ile sauti kwa furaha.

Lakini maji yaliyokuwa yanafika kilimani yalikuwa nusu. Hospitali iko juu, na bomba lake lilitoka katikati ya kimo cha tangi, kwa hiyo tangi lisipopita nusu, hospitali haipati kitu. Mji wa chini unayamaliza yote. Kuwasha mara mbili zaidi kungetaka dizeli mara mbili zaidi, na haikuwapo. Tukaweka kufuli kwenye mabomba ya sokoni ili tangi lijae kwanza. Siku ya pili kufuli zilikuwa zimevunjwa. Sikuwalaumu. Watu walikuwa na kiu.

Niliandika ripoti. Nilieleza ulimi, upenyo, vipovu, usukani mwekundu. Nilisema tukifungua yote, pampu itakufa, na tukibana, hospitali itakauka, na kwamba naomba maelekezo. Mhandisi aliipokea. Maelekezo hayakuja.

Siku ya nne ya usukani kubanwa, muuguzi mkuu alikuja kwa miguu kutoka hospitali, amevaa sare nyeupe iliyokuwa imegeuka rangi ya chai.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Mashine inakwenda?"

"Inakwenda."

"Naisikia inakwenda. Bomba langu halitoi."

Nilimpa bisibisi. Nikafungua usukani kidogo mpaka kokoto zikarudi, nikamwonyesha pa kuweka sikio. Alisikiliza muda mrefu, kama anavyosikiliza tumbo la mjamzito.

"Inaumwa," alisema.

"Inajila. Nikiiacha wazi itakufa."

"Lini?"

"Sijui, Sista. Majuma matano. Labda manane."

Alinirudishia bisibisi. Alitazama ziwa kupitia dirishani, na niliona mikono yake, ngozi ya vidole imepasuka kwa majivu aliyokuwa anatumia badala ya sabuni.

"Nina wazazi tisa wodini," alisema. "Wawili wamepasuliwa. Jana nilinawa kwenye beseni moja na wahudumu wote, maji yale yale tangu asubuhi mpaka saa tisa. Mimi siwezi kukuambia fanya nini na mashine yako. Nimekuja kukuambia nilichonacho mimi."

Hakungoja jibu. Alipofika mlangoni aliniaga, akaanza kupanda barabara.

Nilisimama mbele ya usukani. Ningependa kusema nilifikiri sana, lakini sikufikiri. Niliufungua wote. Kokoto zikajaa nyumba nzima, na jioni ile hospitali ikapata maji.

Majuma yaliyofuata nilikwenda kazini kama mtu anayekwenda kumuuguza ndugu asiyepona. Niliwasha, nikakaa nje ili nisisikie, nikasikia. Nilipima kwa saa muda wa kulijaza tangi, nikaona unarefuka: kwanza dakika kumi zaidi, kisha nusu saa, kisha saa nzima. Mume wangu aliniuliza kwa nini sili. Nilimweleza, akasikiliza kwa makini, na mwisho akasema, "Basi hakuna la kufanya," akinipa pole. Lilikuwa neno la kweli na sikutaka kulisikia.

Juma la sita, siku ya Jumanne, maji yaliacha kufika kilimani. Pampu ilikuwa inazunguka na bomba la kuvuta limejaa, lakini sindano ya geji, ile inayopima msukumo wa maji, ililala kwenye sifuri. Mhandisi alikuja, tukafungua nati pamoja, tukatoa kifuniko. Impela ilikuwa imeliwa kama hindi lililoingiwa na dumuzi. Mapanga yalikuwa na matundu ya kupitisha kidole, na moja lilikatika nilipoligusa, likabaki mkononi mwangu.

Mhandisi alivua miwani.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Na mimi nilijua. Niliisoma ripoti yako mara tatu." Alifuta miwani kwa shati lake, akaivaa tena kwa taabu kwa sababu ya ule waya. "Nilishindwa kuandika funga, na nilishindwa kuandika fungua."

Tuliirudisha impela mahali pake na kufunga kifuniko, sijui kwa nini. Labda ili isionekane.

Mji ukarudi ziwani. Asubuhi watu walishuka na ndoo, madebe na vibuyu, wengine wakitoka mbali karibu na Sigino, na mimi nilikuwa miongoni mwao, maana nyumbani kwangu nako bomba lilikuwa limekauka. Kinamama wale wale walionisaidia kuinywesha pampu walinipisha mbele kwenye mstari. "Tangulia, fundi," walisema. Hakuna aliyenilaumu. Walidhani mashine imekufa kwa uzee, kama ilivyokuwa inakufa kila kitu mwaka ule, mabasi, redio, viwanda. Nilitaka kuwaambia, na kila nilipofungua mdomo niliona jinsi maelezo yalivyokuwa marefu: ulimi, vipovu, usukani. Nikachota tu.

Katika mstari ule alikuwamo mfuaji wa hospitali. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mwenyeji wa Mutuka, mrefu, mwenye kukunja shuka kwa mikono miwili kwa pigo moja kama anapiga kofi hewani. Wakati bomba linatoa alikuwa anafulia kwenye karo za hospitali. Sasa alikuwa analeta shuka za wodi ya wazazi ziwani, furushi kichwani, na anaingia kwenye maji mpaka magotini, mbali kidogo na sisi ili damu ya shuka isije kwenye ndoo zetu.

Viboko hurudi majini asubuhi baada ya kula nchi kavu. Sote tulijua hivyo, na sote tulikuwa tunangoja jua lipande kwanza. Siku ile jua lilikuwa limepanda. Kiboko alitokea nyuma, upande wa matete, amechelewa kurudi, na mfuaji alikuwa amesimama katikati yake na maji marefu. Nilimwona akigeuka na shuka mikononi. Mnyama hakumng'ata. Alimpitia tu, kama gari linavyopita kwenye kichaka, akamkanyaga mguu, akaingia ziwani na maji yakamfunika.

Tulipiga madebe, ingawa mnyama alikuwa ameshatoweka. Nilikuwa wa kwanza kumfikia mfuaji. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti na mfupa ulikuwa nje. Alikuwa macho, ameshika shuka, na aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nyingine zimechukuliwa na maji.

Nilikimbilia nyumba ya pampu nikang'oa mlango kwenye bawaba. Nilikuwa na vifaa, ilinichukua dakika chache. Tulimlaza juu ya mlango ule, wanawake sita tukaubeba, tukapanda naye barabara. Alilia mara moja tu, tulipokanyaga mfereji na mlango ukainama.

Muuguzi mkuu alitupokea. Aliangalia mguu, akamwagiza mhudumu amwite daktari, kisha akatazama beseni lililokuwa pembeni, na lilikuwa na maji ya kufunika vidole tu. Alinitazama. Nilichukua ndoo mbili za wodi nikashuka tena ziwani, mahali pale pale, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Shuka mbili zilikuwa bado zinaelea. Nilichota kando yazo, nikapanda. Kutoka ziwani hadi wodini kwa mwendo wa ndoo mbili ni mbali. Maji yakachemshwa, na kuchemka nako kulichukua muda wake, kuni zilikuwa mbichi, na wakati wote huo yule mama alikuwa amelala anangoja mguu wake uoshwe. Nilichochea moto. Nilikuwa fundi mwenye cheti, na kwa saa nzima kazi yangu ilikuwa kupuliza kuni.

Hakufa. Kidonda kilioza, kikapona, kikaoza tena. Mguu haukukatwa, lakini goti halikukunja tena. Alikaa wodini miezi mitatu, kisha ndugu zake wakaja kumchukua na mkokoteni wa punda wakampeleka kwao Mutuka. Siku ile nilikuwa ofisini kwa mhandisi, tunajaza fomu nyingine.

Pampu mpya ilikuja baada ya mvua za mwaka uliofuata, ndani ya sanduku la mbao, pamoja na mafundi wawili kutoka mkoani ambao sikuwafahamu. Ilikuwa na futivalvu yake ya shaba tupu, kubwa kuliko ya zamani, na bomba la kuvuta pana zaidi. Walifanya kazi siku tatu. Walinipa spana niwashikie. Mmoja aliokota impela ya zamani, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Hapa mlikuwa mnavuta mchanga, eeh?" Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Maji yalipofika mjini yalitoka mekundu kwa kutu. Watu waliyaacha yamwagike kwanza, wakitazama, na watoto wakaingia chini yake na nguo zao. Mhandisi alinipa mkono. Nilimwomba ruhusa ya siku moja.

Nilikwenda Mutuka kwa miguu. Nilimkuta yule mama uwanjani kwake, ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooka mbele, anapepeta maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha pa kukaa. Tulizungumza kwa lugha za nyumbani, yake na yangu zinasikilizana. Nilimweleza yote. Nilimweleza ulimi wa tairi, sauti ya kokoto, usukani mwekundu. Nilimwambia nilijua kwamba nikifungua, pampu itakufa, na nilifungua, na kwamba kama pampu isingekufa, asingeshuka ziwani siku ile. Ilinichukua muda mrefu. Yeye aliendelea kupepeta.

Nilipomaliza, aliweka ungo chini.

"Hizo wiki ulizofungua," aliuliza, "ni zile nilizokuwa nafulia kwenye karo?"

"Ndizo."

"Wiki ngapi?"

"Sita."

Alifikiri. "Na ungefunga?"

"Ungeshuka ziwani mapema zaidi. Au pampu ingeishi, na tungepata namna. Sijui, mama. Mpaka leo sijui."

Nilingoja aseme amenisamehe, au aseme ananichukia. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili, nilitembea njia nzima nikijitayarisha. Aliniuliza kama pampu mpya ni nzuri, nikasema ni nzuri. Aliuliza nani anafua sasa hospitalini, nikamwambia wamemwajiri msichana mmoja. Akauliza kama anajua kutoa damu kwa maji baridi kwanza, kwa sababu ukianza na maji ya moto damu haitoki kamwe. Nikasema sijui kama anajua.

"Mwambie," alisema.

Kisha alinisogezea ungo wa pili. Maharage yalikuwa mengi, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Bonga. Tulipepeta wote wawili mpaka gunia likajaa, halafu nikalifunga mdomo na kuliburura ndani, kwa sababu yeye hakuweza kuinama.